Hereni za Bibi Batma

Malishoni Sary-Talaa, 5 Julai

Dada Nurzada,

Barua hii nampa Dolot wa lori la maziwa, maana simu huku ni kama jiwe. Mwalimu Sabyr alizikusanya zote tulipofika, lakini hata angetuachia, mtandao wenyewe uko wapi. Ukitaka kunijibu, mpe Dolot pale sokoni Naryn asubuhi anapoteremsha madebe.

Darasa zima tumefika salama. Tumepiga mahema yetu karibu na hema kubwa la sufu la bibi mmoja anaitwa Batma. Yeye ndiye anayetupa mkate na maziwa, na jioni tunakusanyika kwake kwa sababu jiko lake lina joto. Ni mdogo wa umbo, mikono kama mizizi, na anaongea kama mtu aliyezoea kutopingwa.

Kazi yetu ni kushuka jabali kwa kamba. Mwalimu amesema kabla hujashika kamba lazima useme mbele ya wote unachoogopa, eti woga uliotajwa hupungua uzito. Kyialbek amesema anaogopa farasi. Hebu fikiria, Mkirgizi anaogopa farasi. Tulicheka mpaka akanuna. Mimi nimesema naogopa kimo, na hiyo ni kweli kabisa. Nilichungulia chini jana nikarudi nyuma kwa magoti, mbele ya watu, bila aibu.

Jambo jingine dogo. Wasichana wote tumeambiwa tuvue hereni, zisije zikanasa kwenye kamba au kwenye zile kofia ngumu. Mimi sikuwa na pa kuziweka, begi langu linavuja, nikampa Bibi Batma anitunzie zile zangu ndogo za shaba. Alizitia kwenye kopo la majani ya chai akalisukuma chini ya mto wake. Kisha akanishika sikio akalivuta kidogo, akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa Uulkan, siyo?" Sijui mama yetu amemjulia wapi.

Mwambie Mama nimevaa soksi mbili. Na mwambie pia kwamba Septemba bado iko palepale, asijifanye amesahau. Chuo cha udaktari huko Bishkek hakitanisubiri.

Mdogo wako,
Aizirek


Naryn, 8 Julai

Aizirek,

Nimeipata barua yako ikinuka maziwa yaliyochachuka. Nilimsomea Mama yote, isipokuwa ile ya kurudi kwa magoti, hiyo nimeificha kwa heshima yako.

Sasa nisikilize. Huyo bibi amekujuaje? Nilimuuliza Mama, "Unamfahamu Batma wa Sary-Talaa?" Akasema, "Batma wako wengi," akainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mimi nimekaa na mama huyu miaka mingi. Akiangalia sufuria tupu, ujue kuna jambo analipika kwingine.

Na kuna jingine. Mama anaimba. Anafagia anaimba, anakanda unga anaimba. Tangu ulipofaulu ule mtihani wa chuo alikuwa haongei, uso umemvimba kama mtu mwenye jino bovu, na sasa ghafla ni nyimbo. Machale yananicheza, mdogo wangu.

Niandikie huyo bibi anakuuliza nini. Nani yuko naye pale hemani, ana wana, ana wajukuu? Na usimwachie mtu vitu vyako tena, hata kama begi linavuja.

Dada yako,
Nurzada


Malishoni Sary-Talaa, 10 Julai

Dada,

Wewe ungekuwa polisi ungefunga mji mzima. Mama anaimba, basi kuna njama. Labda anaimba kwa sababu sipo na hakuna wa kumalizia jemu yake.

Kwanza habari mbaya. Jana ilikuwa zamu yangu na sikushuka. Nilifungwa mkanda wa kiunoni, kamba ikakazwa, nikasimama ukingoni mgongo ukiwa kwenye hewa, na miguu ikakataa. Mwalimu Sabyr alikuwa ananiambia, "Keti kwenye kamba, Aizirek, keti kama kwenye kiti." Nikamwambia, "Mwalimu, kiti kina miguu." Wenzangu walicheka, mimi nililia. Kyialbek mwoga wa farasi alishuka akipiga mbinja.

Nikaenda kukaa kwa Bibi Batma. Na hapo ndipo pana kichekesho nilichotaka kukupa. Alikuwa na wageni, wazee wawili wa kike kutoka mahema ya ng'ambo ya mto, wamevaa vilemba vyeupe vya sherehe. Bibi akanikalisha katikati yao, akasema nisilie, anipe hereni zangu. Akatoa kopo. Nikafumba macho akanivisha mwenyewe, na wale wazee wakainua viganja wakaomba dua wakajipangusa nyuso. Nilipofika mtoni kunawa nikajitazama majini. Si hereni zangu. Ni za fedha, ndefu, zina kijiwe chekundu, nzito kama kufuli.

Najua unachofikiria, na mimi nilifikiria hivyohivyo kwa muda wa kumeza mate. Lakini dada, yule bibi haoni vizuri. Juzi alimtilia Mwalimu chumvi kwenye chai akidhani sukari. Amechanganya makopo, basi. Nitamrudishia akiwa peke yake nisimwaibishe mbele ya wenzake.

Umeuliza kuhusu wajukuu. Anaye mmoja, Ermek, anaendesha malori huko Urusi. Picha yake imetundikwa juu ya masanduku ya magodoro. Amevaa suti ambayo ni ya mtu mwingine, mabega yanamwanguka. Mwenyewe simjui na yeye hanijui.

Wako,
Aizirek


Naryn, 12 Julai

Aizirek,

Zivue leo hii.

Mimi sitanii na wewe acha kutania. Kwetu mwanamke wa ukoo mwingine akikuvisha hereni kwa mkono wake, mbele ya mashahidi waliovaa vilemba vya sherehe, wakaomba dua, hajakupamba. Amekuposa. Unalijua hilo tangu ukiwa unacheza na vidoli, tulikuwa tunawavisha hereni za nyuzi. Haoni vizuri? Mtu asiyeona aliyapataje matundu ya masikio yako bila kukuchoma? Mbona alijua kualika wazee wawili siku ileile wewe unalia na huna akili?

Na huyo Mwalimu Sabyr. Ndiye aliyesema mvue hereni, siyo? Ndiye aliyechagua malisho hayo wakati malisho yamejaa wilaya nzima? Je, wasichana wengine walivua kweli, au ni wewe tu? Waangalie masikio. Muulize ana undugu gani na huyo bibi. Usimuulize yeye, uliza pembeni.

Mama hajui kwamba nakuandikia haya. Nilipomsomea barua yako niliruka hiyo habari ya hereni, na nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni. Nilipofika mwisho aliniuliza, "Hajasema kitu kingine?" Mara mbili aliniuliza.

Nurzada


Malishoni Sary-Talaa, 14 Julai

Nurzada,

Barua yako nimeisoma nyuma ya mahema nikiwa na hasira. Ngoja niseme nililotaka kusema, halafu niseme lingine.

Nililotaka kusema ni hili. Kwa kuwa wewe uliibwa na vijana wenye gari ukaolewa na mtu usiyemtaka, basi unaona wezi kila mahali. Ulirudi nyumbani kwetu na ndoa yako imekufa, na sasa kila mtu anayenitendea wema unamnusa kama mbwa. Siku moja ninapata watu wa kunijali huku juu, nawe umeshaharibu.

Nilikaa na hayo kutwa nzima. Kisha nikaanza kuangalia masikio.

Wasichana wote walivua, hilo nakuhakikishia, Mwalimu hakunitenga. Lakini wote walitia hereni zao mifukoni, na wote wamezivaa zilezile. Nikamuuliza mpishi wetu pembeni kama ulivyosema. Bibi Batma ni shangazi yake Mwalimu Sabyr, dada wa baba yake. Kila mwaka Mwalimu huleta wanafunzi hapa, kwa hiyo labda si kitu. Lakini mbona hakutuambia? Na mbona mimi hupewa kipande cha nyama cha kwanza? Nilidhani ni kwa sababu nililia.

Jana nilimwendea Bibi akiwa peke yake, anageuza vidonge vya maziwa mgando alivyovianika juani. Nikamwambia, "Bibi, nadhani ulinipa za mtu mwingine." Akasema, "Nilikupa za nani?" Nikasema, "Sijui." Akasema, "Basi kama hujui, zivae mpaka ujue." Na alikuwa ananitazama, dada. Anaona. Anaona vizuri kuliko mimi na wewe.

Sikuzivua. Unaposema "zivue" kutoka huko sokoni ni rahisi. Hapa nimekaa mbele ya mtu aliye rika la mama wa mama, amenivisha kwa mkono wake, nivue nimtupie? Nilimsaidia kugeuza vile vidonge mpaka vikaisha.

Asubuhi hii nimeshuka jabali. Ndiyo, nimeshuka, mpaka chini. Wenzangu walipiga kelele bonde likaitikia. Mwalimu alinipa mkono akasema sasa siogopi tena. Nilitaka kufurahi nikashindwa, kwa sababu nilipokuwa ukingoni nilisema kwa sauti naogopa kimo na nikajisikia nasema uongo.

Nisamehe maneno ya juu. Muulize Mama. Muulize waziwazi.

Aizirek


Naryn, 16 Julai

Mdogo wangu,

Maneno ya juu nimeyasamehe kabla sijafika chini.

Sikuhitaji kuuliza. Jana nilifunga cherehani yangu pale sokoni mapema, nikakuta nyumbani viatu vya wanaume mlangoni. Waliondoka nilipoingia, wazee wawili, mmoja akaniambia, "Ukoo wenu una mkono mzuri wa mapishi, mwanangu." Mezani zilikuwa zimebaki sahani. Ini la kondoo waliyemleta wao limekatwa vipande vyembamba, na mafuta ya mkia wake juu ya kila kipande. Hakuna anayempikia mgeni wa kawaida ini na mkia, Aizirek. Hicho ni chakula wanacholishana wakwe wanapokubaliana.

Nikamwambia, "Mama, umemuoza nani, mimi au yule?"

Akaendelea kukunja kitambaa cha meza. Akasema, "Punguza sauti, majirani."

"Majirani waliona kondoo. Mtoto mwenyewe hajui."

"Atajua Jumapili. Napanda na wazee kwenda kupanga siku."

"Na chuo?"

Hapo akakaa chini. Akasema, na ninakuandikia kama alivyosema, "Wewe walikuchukua pale kituoni mchana kweupe, ukitoka kununua uzi. Nilikuja kukupata umeshavikwa kitambaa cheupe cha bibi harusi kichwani. Huko Bishkek nitamlindaje mwingine? Msichana mwenye hereni za mtu hakuna anayemgusa. Batma ni mtu wa heshima, nimemchunguza, nimemchagua kwa macho yangu. Safari hii nimewahi mimi, kabla ya wezi."

Nikamwambia, "Mama, ukimwahi mwizi ukaiba wewe, kimebaki nini?" Akanitupia kile kitambaa, kisha akalia. Nami nililia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na sikuweza.

Lakini nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Unadhani mimi nilibaki kule kwa sababu ya wale vijana na gari lao? Vijana ningewang'ata. Mlango ulikuwa wazi. Bibi yao alikuja akalala kizingitini, kifudifudi, na desturi yetu unaijua, anayemruka mzee amejilaani, hatazaa, hatafanikiwa. Nilisimama mbele ya mgongo wa kikongwe ambaye ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Nikarudi nikaketi. Miaka minne niliketi.

Sikuambii ufanye nini. Ukitaka kukubali, kubali kwa kinywa chako, na nitakushonea gauni. Ila usikubali kwa kunyamaza. Mama amekataa katakata kuahirisha. Jumapili wakifika na dua ikasomwa upya, maneno yako hayatakuwa na mahali pa kukaa.

Nurzada


Malishoni Sary-Talaa, 18 Julai

Dada Nurzada,

Nakuandikia nikiwa kando ya barabara ya lori, mgongo kwenye begi langu linalovuja. Naandika haraka, Dolot ananingoja nimalize, usome pole pole.

Jana saa ya chai tulikuwa sote hemani kwa Bibi Batma, darasa zima, mvua ikinyesha. Mwalimu Sabyr akasema kwa kuwa ni karibu mwisho, kila mmoja aseme ni woga gani ameuacha huku mlimani. Kyialbek akasema ameacha wa farasi, wakati kila mtu alimwona asubuhi akimzunguka farasi kwa mbali kama anazunguka moto. Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu.

Nikasema, "Mimi sijauacha. Namwogopa Bibi."

Walidhani ni utani, wakacheka tena. Nikazivua zile hereni, moja, nyingine, sikio likaniuma. Nikaziweka kwenye kitambaa cha chakula mbele yake, kando ya maandazi. Nikamwambia, "Bibi, nimejua ni za nani. Ni za mke wa Ermek. Mimi si mke wa Ermek, na Ermek mwenyewe sidhani kama ameulizwa. Mama yangu alikuahidi kitu ambacho si chake. Nakuomba radhi kwa ajili yake."

Bibi hakuzigusa. Alisema polepole, "Mama yako amekula ini langu." Nikasema, "Najua." Akasema, "Keti." Na dada, kidogo niketi. Magoti yalishaanza kukunjika yenyewe, yamefundishwa hivyo tangu utotoni. Nikamtazama Mwalimu anisaidie. Alikuwa anatazama ndani ya bakuli lake la chai.

Nikasema naenda kulala kwenye hema letu, nitapanda lori la asubuhi. Basi Bibi akainuka. Kwa umri wake aliinuka haraka kuliko nilivyodhani. Alitandika koti lake mlangoni akalala juu yake, kifudifudi, kutoka mwimo hadi mwimo. Miguu yake ni midogo kama ya mtoto na soksi moja ilikuwa na tundu kisiginoni.

Hakuna aliyecheka sasa. Msichana mmoja akaninong'oneza, "Usithubutu, Aizirek, acha apoe." Nilisimama pale. Pale ukingoni mwa jabali nilikuwa na kamba, mkanda, kofia, na mwalimu wa kuniambia keti kwenye kamba. Hapa sikuwa na kitu. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasema kwa sauti, "Naogopa." Kisha nikamruka.

Nilikuwa nje, mvuani, na soksi. Viatu vyangu vilibaki ndani pamoja na vya wengine. Nikasimama nikingoja anilaani. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu nijue ni laana gani ninayotembea nayo. Sikusikia kitu. Halafu pazia la mlango likainuka kidogo chini, na kiatu changu kikatoka, kimerushwa, kikaangukia topeni. Kisha cha pili. Sijui kama ilikuwa hasira au huruma, mpaka sasa nageuza na sijui.

Wenzangu wote na Mwalimu Sabyr walibaki ndani mpaka Bibi alipoamua mwenyewe kuinuka. Hakuna mwingine aliyeweza kutoka. Kyialbek anasema walikunywa chai mpaka matumbo yakauma na hakuna aliyethubutu hata kuomba kwenda haja.

Mwalimu alinijia asubuhi. Akasema, "Nilijua habari ya hereni. Nilidhani na wewe unajua." Nikamuuliza mbona hakuniuliza. Akasema yeye ni mtoto mbele ya shangazi yake. Mtu anayeshuka majabali. Nilimwonea huruma, nikachukua begi langu nikaondoka.

Barua hii Dolot atakupa leo. Mimi sipandi. Nilifika barabarani na begi, lori likasimama, na nikashindwa kuingia, kwa sababu sijui kama kule chini nina nyumba. Msomee Mama yote. Usiruke kitu safari hii.

Aizirek


Naryn, 19 Julai

Aizirek,

Anaandika mama yako kwa mkono wake, usishangae herufi.

Nurzada amenisomea yote. Mara ya kwanza nilimfukuza chumbani. Kisha nikamwita asome tena pale kwenye mlango.

Umemruka mzee. Mimi nilifundishwa kwamba hilo halifanywi, na nilikufundisha wewe. Usiku sikupata usingizi, na nilichokuwa nakiona si wewe, ni Nurzada amesimama mbele ya mgongo wa yule kikongwe, akifanya kama nilivyomfundisha.

Wazee nimewaambia wasipande. Jumapili nitapanda na Dolot peke yangu, na kondoo, mkubwa kuliko yule tuliyemla. Nitaingia kwa Batma mimi, niombe radhi mimi, kwa sababu ahadi ilikuwa ya kinywa changu na wewe hukuwepo. Akinifukuza ni haki yake. Wewe ukae nje mpaka nimalize. Nyumba unayo, usiniulize tena swali la namna hiyo.

Habari ya Bishkek sijakubali. Naogopa. Nimeandika neno hilo na kalamu imekwama, sijawahi kuliandika. Yule wa kwanza walinichukulia, sikuona. Wewe nikupeleke kituoni mwenyewe, nikuone unapanda gari, na gari liondoke, na mimi nirudi nyumbani kwa miguu yangu. Hilo mtu analifanyaje, huyo mwalimu wenu ana kamba ya hilo?

Usiniandikie kuhusu chuo, na usimtume dada yako. Jumapili tukiwa njiani kushuka uniambie wewe, ukinitazama usoni. Nitasikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo nitalia.

Mama yako,
Uulkan